Vita vimekwisha, wafungwa hawajarudi: nitie sahihi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Glendale, California, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwenzangu wa zamu ya usiku ni Mwarmenia wa Gyumri. Yeye na kundi la kanisani kwao wanapigania Waarmenia waliobaki gerezani Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, baada ya vita vya Karabakh. Ananiomba nitie sahihi, nisambaze video ya askari anayepigwa, na Jumamosi nikasimame nao mbele ya ubalozi mdogo wa Azerbaijan. Nampenda kama ndugu, ila nina maswali. Vita vimekwisha, kwa nini watu hawarudishwi? Hizi sahihi zimewahi kumtoa mtu? Na dada yangu wa Tanga ananionya kwamba mimi Mwislamu nisijitie kwenye ugomvi wa Waislamu na Wakristo. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na la katikati, maana naona ndilo linalokukera. Sahihi peke yake haijamtoa mtu. Waarmenia waliotoka Baku tangu 2020 wametoka siku ambazo serikali mbili zilikuwa na kitu cha kupeana: ramani za mabomu kwa wafungwa 15, nafasi ya kuandaa mkutano wa dunia kwa wafungwa 32. Ila usikimbilie kusema basi hawa wanajisumbua. Siku ya kupeana ikifika, anayetoka ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha, na orodha haijiandiki. Mwenzako anafanya kazi ya orodha, hata kama yeye mwenyewe anadhani anafanya kazi ya mabango.

Sasa twende kwenye vita, vya kugombania Karabakh, eneo lililo ndani ya mipaka ya Azerbaijan lakini lililokuwa likikaliwa na Waarmenia. Vilianza 27 Septemba 2020, vikapiganwa siku 44, na Azerbaijan ikairudisha sehemu kubwa ya ardhi iliyoipoteza kwa Waarmenia miaka ya 1990. Usiku wa kuamkia 10 Novemba, Nikol Pashinyan wa Armenia, Ilham Aliyev wa Azerbaijan na Vladimir Putin wa Urusi wakatoa tamko lenye vipengele 9. Cha 8 hakina kona: wafungwa wa vita, mateka na watu wengine wanaoshikiliwa wabadilishane, na maiti pia. Mnamo 14 Desemba Waarmenia 44 wakatua Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Azerbaijan nayo ikapokea watu wake, wakiwemo wawili waliokuwa wamefungwa Karabakh tangu 2014, na ambao nchi yao iliwapigia kelele miaka 6. Ikaonekana limekwisha.

Kumbe siku zilezile, katika vijiji vya Khtsaberd na Hin Tagher upande wa Hadrut, kusini mwa Karabakh, wanajeshi 62 wa Armenia walikuwa wameshanaswa. Wengi wao walitoka mkoa wa Shirak, ambao mji wake mkuu ni Gyumri. Kwa hiyo mwenzako anapolisema jambo hili machozi yakamlenga, usishangae: mtaani kwao kila mtu anamjua mama wa mmoja wao.

Baku ikasema hawa si wafungwa wa vita. Wamekamatwa baada ya tamko, wameingia kuleta fujo, ni magaidi. Mwaka uliofuata wakaanza kupandishwa kizimbani kwa makundi, mashitaka yakiwa kuvuka mpaka kinyume cha sheria na kubeba silaha, na hukumu za miaka 6 zikawa za kawaida.

Hapo ndipo swali lako la kwanza lilipo. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 118, unasema wafungwa wa vita waachiwe na kurudishwa kwao bila kuchelewa mara mapigano yanapokoma. Haungoji mkataba wa amani. Haungoji upande wa pili utoe wa kwao kwanza. Na kifungu cha 5 kinasema ulinzi huo unamshika askari tangu anapoangukia mikononi mwa adui mpaka anapoachiwa na kurudishwa kwao kabisa; hakuna mahali pameandikwa kwamba tamko la kusimamisha vita linamvua mtu hadhi hiyo.

Lakini kipo kifungu cha 119, nacho ni mlango wa nyuma. Mfungwa anayekabiliwa na shitaka la jinai anaweza kubakizwa mpaka kesi iishe, na akihukumiwa, mpaka amalize adhabu. Mlango huu haukuwekwa kwa ubaya. Aliyechinja raia asiponyoke kwa kisingizio cha kubadilishana wafungwa. Ila shitaka liwe la kosa kweli. Kumshitaki askari kwa kuvuka mpaka na bunduki akiwa na kikosi chake ni sawa na kumshitaki mvuvi kwa kulowa maji. Ndiyo kazi aliyotumwa. Kwa hiyo nikishauri watu wa kampeni huwaambia wasiseme "kesi zote ni batili", kwa sababu mwanasheria yeyote wa upande wa pili atakitoa kifungu cha 119 mfukoni na mjadala utakwisha. Waseme: shitaka hili ni la kuwa askari, na kuwa askari si jinai. Na penye tuhuma ya mauaji ya raia, waseme: fungueni mahakama, waingie waangalizi, mshitakiwa apate wakili anayemtaka, tusikie ushahidi.

Nikuombe kitu kimoja cha lugha, kwa kuwa najua utawatafsiria Waswahili wenzako. Neno letu "mateka" linatuchanganya. Askari aliyenaswa vitani tunamwita mateka, na abiria aliyeshikwa na watekaji wa ndege naye mateka. Sheria inawatenga. Wa kwanza ni mfungwa wa vita, ana haki ya barua, ya kutembelewa, ya kurudishwa. Wa pili ni mtu anayeshikiliwa ili mwingine alazimishwe kutoa kitu, na kumshika hivyo ni uhalifu wa kivita. Halafu wapo mahabusu, ambao kesi haijaisha, na wapo waliokwisha hukumiwa. Katika watu waliopiganiwa miaka hii kumekuwa na aina zote hizi. Waarmenia wa ughaibuni wanapenda kusema wote ni mateka wa aina ya pili, na ukitazama jinsi walivyokuwa wakitolewa kwa mafungu kila kulipokuwa na biashara, unaona kwa nini. Kwenye bango sina ugomvi nalo. Kwenye barua ya kwenda kwa mbunge, andika kila mtu kwa hadhi yake. Ofisa asiyetaka kujisumbua huwa anatafuta neno moja la kulikamata ili aiweke barua yote kando.

Sasa walitokaje? Nianze na siku ambayo hawakutoka. Aprili 2021 familia zilikwenda uwanja wa ndege wa kijeshi wa Erebuni, Yerevan, baada ya habari kuzagaa kwamba ndege ya Warusi inakuja kutoka Baku na wafungwa. Wakasubiri mpaka usiku. Ndege ikatua. Haikuwa na mfungwa hata mmoja. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kabla ya kuwafundisha kifungu chochote, kwa sababu wanaharakati hupenda kurusha habari njema mapema ili watu wasikate tamaa, na anayelipa ni mama aliyesimama getini na sweta ya mwanawe mkononi. Ukiletewa ujumbe wa "kesho wanaachiwa", usiutume popote.

Miezi miwili baadaye, 12 Juni 2021, wafungwa 15 wakakabidhiwa kupitia Georgia, na Azerbaijan ikapokea ramani za mabomu ya ardhini yaliyotegwa wilaya ya Agdam, kama mabomu 97,000. Georgia na Marekani ndizo zilizosimama katikati. Tarehe 3 Julai wakatoka 15 tena, kwa ramani za Fuzuli na Zangilan, mabomu kama 92,000. Mwanafunzi mmoja darasani alichukua simu akagawanya, akasema kwa sauti: mabomu zaidi ya 6,000 kwa kichwa. Darasa likanyamaza. Ramani zile zilipaswa kutolewa bila bei, kwa sababu wanaokanyaga mabomu ni wakulima na watoto wa Kiazeri wanaorudi kwao. Na watu wale walipaswa kutolewa bila bei kwa sababu ya kifungu cha 118. Haki mbili zikawekwa mizani moja, kila upande ukaona umeshinda.

Baada ya hapo wakatoka wengine kwa mafungu, Desemba 2021 na Februari 2022, Umoja wa Ulaya na Ufaransa wakiwa wameingiza mkono. Septemba 2022 mapigano yakalipuka tena mpakani, wakashikwa wengine. 17 wakarudi mwanzoni mwa Oktoba, na Washington ikapewa shukrani. Halafu likaja la ajabu kuliko yote. Mnamo 7 Desemba 2023 ofisi ya Pashinyan na ofisi ya Aliyev zikatoa tamko la pamoja, bila mpatanishi: Azerbaijan inawaachia wanajeshi 32, Armenia inawaachia 2, na Armenia inaondoa ombi lake la kuandaa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP29, na kuiunga mkono Azerbaijan. Tarehe 13 watu wakavuka mpaka. Novemba 2024 wajumbe wa dunia nzima wakakutana Baku.

Ukitazama mtiririko huo utaona kwa nini nasema mlengwa wa kampeni si gereza. Barua kwa Aliyev mwenyewe ni kilio cha kuku, na mwewe tunamjua. Mlengwa ni yule anayekaa mezani siku ya biashara: Tbilisi, yaani Georgia, 2021, Paris na Brussels mwanzoni mwa 2022, Washington mara nyingi. Huyo akiingia chumbani awe na karatasi mfukoni yenye majina, na awe anajua kwamba akitoka bila kuyataja ataulizwa. Tarehe 8 Agosti 2025, Trump alipowakutanisha Pashinyan na Aliyev Ikulu ya Marekani, mwandishi mmoja alimuuliza kuhusu Waarmenia 23 waliokuwa bado Baku, hesabu ambayo serikali ya Armenia yenyewe ilikuwa ikiitaja. Trump akajibu kwamba atamwomba Aliyev. Swali moja la mwandishi, dakika moja. Lakini ili mwandishi aijue namba 23, na aione inafaa kuulizwa siku ya sherehe, kuna watu waliosimama barabarani miaka mitano. (Namba hii hubadilika. Kabla ya kuiandika kwenye bango, waulize kanisani iliyo sahihi wiki hiyo. Namba iliyopitwa na wakati inawavunjia heshima hata waliobaki.)

Niwaache wakubwa kidogo, nikwambie kwa nini nang'ang'ania majina.

Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa kujitolea kambi ya Lugufu, Kigoma, nikisaidia kupeleka ujumbe wa familia za wakimbizi wa Kongo. Fomu ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi moja. Haibandikwi. Unaandika habari za familia tu, nani mzima, nani kazaliwa, nani katutoka. Ukigusa siasa au jeshi haiendi, kwa sababu kila mwenye mamlaka njiani anaruhusiwa kuisoma. Mama mmoja wa Fizi alikuwa akimtafuta mwanawe. Jina la kijana lilikuwa limeandikwa mahali patatu kwa namna tatu: la ubatizo kwa Kifaransa, la ukoo kwa matamshi ya Kibembe, na la utani ambalo kijiji kizima kilimjua nalo. Tulizunguka na karatasi ile karibu mwaka mzima. Kijana alikuwa Nyarugusu, kambi ya jirani, siku zote hizo. Mama aliponiuliza ni kwa nini, sikuwa na jibu ila kalamu ya mtu.

Kwa Waarmenia tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu jina linapita katika alfabeti mbili au tatu kabla ya kukufikia wewe. Kirusi hakina ile "h" yao, kwa hiyo Harutyunyan anageuka Arutyunyan, na Hovhannisyan anageuka Oganesyan kabisa, huwezi kudhani ni mtu yuleyule. Kisha karatasi za serikali kule hutaja jina la baba, ilhali familia ikiandika Facebook hailitaji. Orodha nzuri ina jina kwa Kiarmenia, kwa Kirusi na kwa herufi zetu, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, nani alimwona, na kama upande unaomshikilia umekubali kwamba unaye. Hilo la mwisho ndilo roho ya jambo. Machi 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyo Strasbourg, ilikuwa tayari imeombwa kuwalinda watu 188 waliodaiwa kutekwa. Kati ya "inadaiwa katekwa" na "tunaye" kuna shimo, na watu hupotelea humo. Mtu aliyekubaliwa kwa jina ni vigumu kumkana kesho.

Usisahau kwamba shimo hilo lina watu wa pande zote mbili. Azerbaijan inawatafuta raia wake karibu 4,000 waliopotea katika vita vya miaka ya 1990. Mwenzako akikubali kulisema hilo pale Jumamosi, hata kwa sentensi moja, atasikilizwa na watu ambao sasa hivi wanampita.

Basi video. Dada, usiisambaze. Najua inauma kusikia hivyo, kwa sababu anayekutumia anakuambia "dunia ione". Kifungu cha 13 cha mkataba uleule kinamlinda mfungwa na matusi na macho ya watu. Aliyeirekodi alitaka aonekane akidhalilika. Kila simu inayoirusha inamfanyia kazi. Na mama yake pia ana simu. Huyo askari akirudi Gyumri atataka kuoa, kuajiriwa, kukaa baa na wenzake, na video itakuwa imemtangulia.

Lakini pia usiifute. Video hizi zimefanya kazi kubwa sana zilipokuwa mikononi mwa wanaojua kuzitumia. Human Rights Watch ilizichambua mwishoni mwa 2020, ikalinganisha sura, ikazungumza na familia, ikaonyesha kwamba wafungwa walikuwa wakipigwa na kudhalilishwa. Mawakili wamezipeleka Strasbourg kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwa hai mikononi mwa wanajeshi wa Azerbaijan tarehe fulani, hata kama baadaye ilisemwa hajulikani alipo. Kwa hiyo mwambie mwenzako aitunze faili kama alivyoipokea, asiikate, asiitie maandishi, aandike alivyoipata na lini, aikabidhi kwa wakili wa familia. WhatsApp hula ubora wa picha na tarehe; atafute nakala ya kwanza ilikotoka.

Ukisikia watu wanasema "mahakama za dunia zilishaamuru waachiwe", nalo litazame vizuri. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa amri 7 Desemba 2021: Azerbaijan iwalinde na madhara wote waliokamatwa kutokana na vita vya 2020 na ambao bado inawashikilia, na wawe sawa mbele ya sheria. Kuamuru waachiwe ilikataa, kwa kuwa kesi ile ilifunguliwa kwa mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi, na haikuona imeonyeshwa kwamba wanashikiliwa kwa sababu ya kabila lao. Ni ushindi wa nusu. Ukiupandisha uwe mzima, atatokea mtu akusomee hukumu yenyewe.

Kundi la pili la wafungwa ni la 2023, na hawa ndio wanaotajwa zaidi sasa. Tangu Desemba 2022 barabara ya Lachin, pekee iliyokuwa ikiunganisha Karabakh na Armenia, ilikuwa imezibwa. Julai 2023 mzee mmoja aliyekuwa akipelekwa kutibiwa na Msalaba Mwekundu alishushwa kwenye kizuizi cha Lachin, akashitakiwa kwa mauaji ya mwaka 1991 katika kijiji cha Kiazeri, akahukumiwa miaka 15, na hakuachiwa mpaka Januari 2026. Tarehe 19 Septemba jeshi la Azerbaijan likaingia, siku moja Karabakh ikasalimu amri, na watu zaidi ya 100,000 wakatoka kwa foleni moja ya magari. Katika foleni hiyo na siku zilizofuata wakakamatwa viongozi 8 wa serikali ya Waarmenia wa Karabakh: marais wake watatu wa zamani, Arkadi Ghukasyan, Bako Sahakyan na Arayik Harutyunyan, spika Davit Ishkhanyan, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje Davit Babayan, makamanda wawili, na Ruben Vardanyan, tajiri aliyekuwa ameshika uwaziri wa nchi, cheo kama cha waziri mkuu huko, kwa miezi michache tu. Kesi zikaanza mahakama ya kijeshi ya Baku 17 Januari 2025, Vardanyan akitengwa kwenye kesi yake peke yake. Amegoma kula mara mbili.

Huyu Vardanyan, kwa taarifa yako, ni miongoni mwa walioanzisha tuzo ya Aurora, ya kuwashukuru wanaookoa wengine. Aliyeipata mara ya kwanza, 2016, ni Marguerite Barankitse wa Burundi, yule mama wa Maison Shalom. Baadaye ikaenda kwa Julienne Lusenge, na mwaka 2024 kwa Dokta Denis Mukwege wa Bukavu. Wasikilizaji wako wa Kiswahili hawamjui Vardanyan, lakini Mukwege wanamjua. Anzia hapo.

Kwa hawa viongozi hoja ya kifungu cha 118 haikai sawasawa, maana wengi ni raia. Hoja yao ni kesi ya haki, na kutembelewa. Hapa pana jambo naliona halipewi uzito kwenye kampeni. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ndiyo iliyokuwa ikiingia magerezani Baku, ikipeleka barua na kuona afya zao. Mwaka 2025 Azerbaijan iliitaka kamati hiyo ifunge ofisi. Watu wanalia "waachiwe" kwa sauti moja, wakati kuna ombi dogo ambalo hata rafiki wa Baku hawezi kulikataa bila aibu: aingie mtu asiye wa serikali, awaone, atoke na barua. Kampeni yenye ombi kubwa peke yake hukosa vyote. Barua kwanza, simu, daktari, mwangalizi wa kesi, halafu lango.

Kuhusu dada yako wa Tanga. Mwambie hivi: Iran, dola la Kishia, imekaa vizuri na Armenia miaka yote hii, na Azerbaijan, yenye Washia wengi, silaha zake nyingi imezinunua Israel. Hivyo ugomvi wa dini uko wapi? Ni ugomvi wa ardhi, na wa watu waliofukuzana kwa zamu: Waazeri mamia ya maelfu miaka ya 1990, Waarmenia 2023. Wapo Waazeri wanaolisema hili waziwazi nao wamelipia. Bahruz Samadov, mtafiti aliyekuwa akiandika kupinga vita, alihukumiwa miaka 15 mwezi Juni 2025 kwa uhaini. Kwa hiyo ukimpata Mwazeri mtandaoni anayewaunga mkono, usimtangaze kwa jina. Na wewe kusimama kwa ajili ya mfungwa, Uislamu hauna neno nalo. Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Insan, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa.

Jumamosi nenda. Simama kando ya barabara, usizuie mlango, na kama karatasi zako za uhamiaji hazijakamilika muulize kwanza mwanasheria anayezijua. Ila ukiniuliza penye faida kubwa zaidi, ni Jumatatu, kwenye ofisi ya mbunge wenu. Glendale hamhitaji kumfundisha mtu Armenia iko wapi. Adam Schiff aliwawakilisha miaka mingi kabla ya kuwa seneta. Kuna kifungu cha 907 cha sheria ya Marekani ya 1992 kinachozuia msaada wa serikali kwa Azerbaijan, na tangu 2002 marais wamekuwa wakikisimamisha. Siku ileile ya 8 Agosti 2025 Trump alikisimamisha tena. Hicho ndicho kitu kilicho mkononi mwa Marekani, kama zilivyokuwa zile ramani. Barua isiseme "tunalaani". Iulize: kifungu kiliposimamishwa, wafungwa walitajwa? Kitakapojadiliwa tena, watatajwa? Na iambatane na orodha.

Halafu wasome mkataba wa amani kati ya Armenia na Azerbaijan, uliowekewa herufi za majina (sahihi za awali) siku hiyo. Una vifungu 17. Kimoja kinazungumzia waliopotea. Kuachiwa kwa wafungwa hakumo. Na karibu na mwisho kuna kifungu kinachozitaka nchi mbili zifute kesi zilizofunguliana, ndani ya mwezi mmoja tangu mkataba uanze kutumika. Maana yake kesi ya Armenia kule The Hague na ile ya Strasbourg zinaweza kuondoka na sahihi moja. Kesi ambayo familia imeifungua yenyewe Strasbourg haiondoki hivyo, ni yao. Kama kuna familia inayotegemea kesi ya serikali pekee, imwone wakili sasa, na ijue kwamba baada ya uamuzi wa mwisho wa mahakama za Azerbaijan muda wa kupeleka malalamiko Strasbourg ni miezi 4, si 6 kama zamani.

Mwenzako akiwa tayari, mwambie anitumie ile orodha yao ya majina, kwa Kiarmenia na kwa herufi hizi zetu. Nitaipitia na mwanafunzi wangu anayesoma Kirusi, tuone ni wangapi wameandikwa mara mbili.